Nafuu za Serikali kwa Mwenye Nyumba Anayefunga Sola Nchini Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba wa kawaida, awe Arua, Busia, Masaka au pembezoni mwa Kampala, anayetaka kujua serikali inamsaidia kwa kiasi gani kabla hajatoa pesa yake. Tumeanza na maswali yanayohusu kodi, kwa sababu huko ndiko nafuu kubwa ilipo na ndiko wanunuzi wengi wanakopunjwa.

Je, serikali humpa mwenye nyumba pesa taslimu akifunga sola?

Hapana. Hakuna fomu unayojaza baada ya kufunga paneli ili upelekewe pesa kwenye akaunti au kwenye simu. Msaada wa serikali ya Uganda unapitia njia tatu: kodi ambayo haitozwi kwenye vifaa, ruzuku inayopewa kampuni ili ipunguze bei, na mikopo ambayo serikali huiwezesha kupitia benki na vyama vya akiba na mikopo. Njia zote tatu humfikia mwenye nyumba kupitia kwa mtu mwingine, yaani muuzaji au mkopeshaji, na ndiyo maana anayenunua bila kuuliza anaweza kulipa bei kamili huku nafuu iliyokusudiwa kwake ikiishia dukani.

Ndugu yangu aliye Marekani aliniambia kwamba huko mtu hurudishiwa asilimia 30 ya gharama. Je, nasi tunayo hiyo?

Hatunayo. Marekani ilimruhusu mwenye nyumba kupunguza asilimia 30 ya gharama za sola kutoka kwenye kodi yake ya mapato, na hata huko nafuu hiyo ilifutwa kwa sheria ya mwaka 2025, ikakoma mwisho wa Desemba mwaka huohuo. Uganda haina mpango wa namna hiyo, kwa sababu iliyo wazi: watu wengi wanaohitaji sola hapa hawajazi ritani ya kodi ya mapato, na punguzo la kodi halimfai mtu asiyeilipa. Wanaojenga nyumbani kwa pesa za kyeyo, yaani kazi za ughaibuni, husoma ushauri wa nchi waliko, kisha wakapanga bajeti ya Mukono kwa sheria za Texas. Bajeti hiyo haitakaa sawa.

Ni kodi gani hasa ambazo hazitozwi?

Ni mbili. Ya kwanza ni ushuru wa forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali la Tano, imeorodhesha bidhaa zinazosamehewa ushuru zinapoingia nchini, na vifaa maalumu vya nishati ya jua vimo katika orodha hiyo. Ya pili ni kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Sheria ya VAT ya Uganda imeziweka paneli za sola, hita za maji za sola, majokofu ya sola na majiko ya sola miongoni mwa bidhaa zilizosamehewa, pamoja na betri za sola zile zinazoitwa dipusaiko, ambazo zimeundwa kutumika kwa kina na kuchajiwa tena kila siku.

Msamaha huo unahusu kifaa kulingana na kilivyotajwa katika sheria, wala hautolewi kwa sababu tu mnunuzi anafunga sola. Waya wa kawaida, swichi, soketi, mabomba ya kupitishia waya na balbu zinazowaka kwa umeme wowote ni bidhaa za duka la vifaa vya umeme, na hutozwa kodi kama ambavyo zingetozwa kwa mteja mwingine yeyote. Betri ya gari nayo ni betri ya gari hata ukiiunganisha na paneli, isitoshe, haitadumu.

Nitajuaje kama muuzaji amenipa msamaha huo?

Mwombe akuandikie kadirio la bei lililochambuliwa mstari kwa mstari, na usikubali karatasi yenye jumla peke yake. Tuchukue mfano wa kazi ya shilingi 4,000,000 kabla ya kodi. Mstari wa kwanza unasema paneli na betri, shilingi 3,000,000. Wa pili unasema waya, swichi na vyuma vya kushikilia paneli, shilingi 400,000. Wa tatu unasema kazi ya kufunga, shilingi 600,000. Kampuni ikiwa imesajiliwa kutoza VAT, kodi inahesabiwa kwenye mstari wa pili na wa tatu tu: shilingi 72,000 na shilingi 108,000, jumla 180,000. Ukikuta karatasi inayokusanya mistari yote mitatu kisha ikaweka asilimia 18 chini yake, umetozwa shilingi 720,000, na shilingi 540,000 kati ya hizo hazikupaswa kuwepo.

Baada ya kulipa, dai risiti ya mfumo wa EFRIS wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA. Risiti hiyo huonyesha ni kodi gani iliyotozwa kwa kila bidhaa, na baadaye ndiyo inayokuwezesha kudai haki yako ya warantii. Muuzaji anayekwambia kwamba bei itashuka kama hutaki risiti anakuomba umsamehe wajibu wake, na siku betri itakapokufa mapema hutakuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu yeyote.

Kama vifaa havitozwi VAT, mbona bado ni ghali?

Kusamehewa VAT kuna mipaka yake. Bidhaa ikiwa imesamehewa, mfanyabiashara hakutozi kodi hiyo, lakini naye hawezi kudai URA imrudishie VAT aliyoilipa kwenye gharama zake nyingine, kama vile pango la ghala na huduma za wakala wa forodha. Kodi hiyo inakuwa sehemu ya gharama zake na hatimaye inaingia kwenye bei unayoambiwa, ingawa haionekani kwenye risiti. Ongeza safari ya kontena kutoka Mombasa hadi Malaba na kuendelea, thamani ya shilingi ya Uganda dhidi ya dola, pamoja na faida ya kila mkono inapopita bidhaa, nawe utaelewa kwa nini paneli ileile hugharimu zaidi Moroto kuliko Kampala.

Je, naweza kuagiza vifaa mwenyewe kutoka nje ili nifaidi msamaha moja kwa moja?

Sheria haikuzuii, lakini kwa nyumba moja mara chache inalipa. Utahitaji wakala wa forodha mwenye leseni, maelezo ya bidhaa yanayolingana na orodha ya msamaha, na cheti kinachothibitisha kwamba bidhaa ilikaguliwa katika nchi inakotoka kulingana na masharti ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS. Neno moja lililoandikwa kizembe kwenye ankara, kwa mfano «vifaa vya umeme» mahali palipopaswa kuwa «paneli za sola», linaweza kukutoa kwenye msamaha na kukuacha ukilipia ghala kila siku mzigo unapongoja.

Ruzuku inatolewa na nani, na humfikiaje mwenye nyumba?

Uganda imekuwa na ruzuku za sola kwa muda mrefu, na nyingi zimefadhiliwa kwa pamoja na Benki ya Dunia. Chini ya mpango wa Nishati kwa Mageuzi ya Vijijini ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ruzuku kwa mifumo ya nyumbani ilihesabiwa kwa wati na kulipwa kwa kampuni zilizofunga vifaa vijijini. Mradi mkubwa wa sasa ni ule wa Kupanua Upatikanaji wa Umeme, unaojulikana kwa kifupi cha EASP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022 kwa dola za Marekani milioni 638. Mradi huo unahusu kuunganisha nyumba kwenye gridi, umeme wa taasisi za umma, upishi safi na sola za nyumbani. Sehemu ya fedha na mikopo inasimamiwa na Kampuni ya Uganda ya Kuwezesha Mikopo ya Nishati, UECCC, ambayo ni ya serikali na iliundwa mwaka 2009.

Pesa ya ruzuku hailipwi kwako. Kampuni iliyokubaliwa kushiriki inakuuzia mfumo kwa bei iliyopunguzwa, kisha inadai tofauti baada ya kuthibitisha kwamba mfumo umefungwa na unafanya kazi. Kwa sababu hiyo usishangae ukipigiwa simu na mkaguzi anayeuliza kama taa zinawaka, au ukiombwa namba ya kitambulisho cha taifa na picha ya paneli ikiwa juu ya paa. Huo ni ushahidi ambao kampuni inauhitaji ili ilipwe. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: bei kamili ni ngapi, ruzuku ni ngapi, na mimi ninalipa ngapi? Aliyemo katika mpango atajibu bila kusitasita, na jina la kampuni yake unaweza kulithibitisha UECCC.

Na mkopo je? Sina hati ya ardhi, nina kibanja tu.

Kibanja, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, si kizuizi kwa mkopo mdogo wa sola. UECCC haimkopeshi mwananchi mmoja mmoja dirishani. Inazipa fedha au dhamana taasisi kama benki, taasisi ndogo za fedha na vyama vya akiba na mikopo, nazo ndizo zinazomkopesha mwenye nyumba. Kwa mfumo wa taa, redio na televisheni, mara nyingi kifaa chenyewe ndicho dhamana, pamoja na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na mdhamini wanayemfahamu. Sheria ya Dhamana ya Mali Inayohamishika ya mwaka 2019 imeupa utaratibu huo msingi, kwa kuwa mkopeshaji anaweza kusajili haki yake juu ya kifaa bila kugusa ardhi yako.

Kama tayari wewe ni mwanachama wa SACCO, anzia huko. Riba huwa ya kueleweka zaidi, na kamati ya mikopo ina watu unaokutana nao sokoni.

Mpango wa kulipa kidogokidogo kwa simu ni nafuu ya serikali?

Kwa kawaida ni biashara ya kampuni binafsi, ingawa kampuni hiyo inaweza pia kuwa inapokea ruzuku. Fanya hesabu kabla ya kuweka sahihi. Kwa mfano, mfumo unaouzwa taslimu kwa shilingi 1,200,000 unatolewa kwa malipo ya awali ya 200,000 na shilingi 2,500 kila siku kwa miaka miwili. Siku 730 zikizidishwa kwa 2,500 zinaleta 1,825,000, na pamoja na malipo ya awali utakuwa umetoa 2,025,000. Hiyo ni ziada ya shilingi 825,000, wakati mtu aliambiwa tu kwamba «ni bei ya soda kwa siku». Kwa anayenunua mafuta ya taa na kulipia kuchaji simu kijijini, ziada hiyo inaweza kuvumilika. Kwa mwenye mshahara anayeweza kukopa SACCO, sioni sababu ya kuilipa.

Uliza pia mfumo utafanya nini usipolipa. Mingi huzimika wenyewe, na mkataba ndio unaosema kama siku ambazo taa hazikuwaka zinasogeza mbele tarehe ya kumaliza deni.

Nyumba yangu iko karibu na nguzo za umeme. Sola bado inanifaa?

Hapa ndipo wauzaji hawasemi ukweli wote. Chini ya Sera ya Kuunganisha Umeme ya 2018 hadi 2027, serikali hulipia uunganishaji wa nyumba zilizo karibu na laini, na mwenye nyumba hubaki na gharama ya waya za ndani na ukaguzi. Mpango huo uliwahi kusimama kwa kukosa fedha, kisha ukapewa nguvu mpya na mradi wa EASP. Tangu tarehe 1 Aprili 2025, baada ya mkataba wa kampuni binafsi iitwayo Umeme kwisha, ofisi ya kuomba ni ya kampuni ya serikali ya usambazaji, UEDCL.

Sasa linganisha. Nyumba yenye balbu sita za wati 7 zinazowaka saa tano, televisheni ya wati 40 inayotazamwa saa nne na simu chache za kuchaji inatumia takriban wati-saa 430 kwa siku, yaani uniti 13 kwa mwezi (uniti moja ni wati-saa 1,000). Katika bei zilizoanza 2022, Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, iliweka uniti 15 za kwanza kuwa shilingi 250 kila moja kwa mteja mdogo wa nyumbani. Kwa bei hiyo, uniti 13 pamoja na VAT hazifiki shilingi 4,000 kwa mwezi. Hakuna mkopo wa sola unaolipika kwa shilingi 4,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba wa namna hii akinunua sola, ananunua utulivu wa siku ambazo gridi imekatika, jambo ambalo lina thamani yake, lakini asidanganywe kwamba anapunguza bili ya Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla. Hesabu hubadilika kwa anayetumia uniti nyingi, mwenye biashara isiyovumilia kukatika kwa umeme, na zaidi ya wote kwa aliye mbali na laini.

Mfumo wa ukubwa gani unatosha matumizi hayo?

Paneli ya wati 200 ikipata jua kamili la saa tano hutoa wati-saa 1,000 kwenye karatasi. Joto la mabati, vumbi, waya na betri hula karibu theluthi moja, ukabaki na kama 700. Hiyo inatosha nyumba tuliyoitaja na kuacha akiba kwa siku za mawingu za Aprili na Novemba. Haitoshi pasi: pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa inakula wati-saa 500, yaani zaidi ya matumizi ya nyumba nzima kwa siku. Sisi tulio karibu na ikweta hatuhitaji kuinamisha paneli sana. Mwinamo mdogo unatosha ili mvua ioshe vumbi. Mwenye paa la mabati ya geji 32 amwambie fundi afunge vyuma kwenye mbao za kenchi, kwa kuwa bati jembamba peke yake halishiki paneli upepo unapovuma.

Je, naweza kuiuzia gridi umeme unaobaki?

Bei maalumu za nishati jadidifu ambazo watu wamezisikia, pamoja na mpango wa GET FiT uliozinduliwa 2013, ziliwekwa kwa ajili ya wazalishaji wa megawati, na mitambo ya sola ya Soroti na Tororo, kila mmoja wa megawati 10, ni matunda yake. Paa la nyumba halimo katika kundi hilo. Muuzaji akikuwekea «mapato ya kuuza umeme» kwenye hesabu yake, yafute, mpaka uwe na mkataba wa maandishi kutoka UEDCL mkononi.

Nina nyumba za kupangisha. Gharama za sola zinapunguza kodi ya pango?

Kwa mtu binafsi, hapana. Tangu Julai 2022, kodi ya mapato ya pango kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya pango lote linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, na hakuna gharama inayoruhusiwa kuondolewa. Faida yako itatoka kwa mpangaji, kama atakubali kulipa zaidi kwa chumba chenye taa za uhakika.

Sola itaongeza kodi ya majengo ninayolipa manispaa?

Nyumba unayoishi mwenyewe haitozwi kodi hiyo, kwa hiyo swali hili linamhusu mwenye nyumba za kupangisha au za biashara tu.

Mimi ni mkulima. Kuna msaada wa pampu ya sola?

Upo, na pengine ndio ruzuku nono kuliko zote zilizotajwa hapa. Mpango wa serikali wa umwagiliaji mdogo unaendeshwa kupitia wilaya. Mkulima hulipa sehemu ya gharama na serikali hulipa iliyobaki, kwa shamba lisilozidi ekari mbili na nusu. Omba kwa ofisa kilimo wa wilaya, na uwe tayari kutembelewa shambani kabla ya kuulizwa pesa yoyote. Mamilioni ya Mpango wa Maendeleo ya Parishi, kwa upande wake, yamelenga biashara ya kilimo na ufugaji, kwa hiyo kuyaomba kwa ajili ya taa za sebuleni ni kujisumbua.

Mimi ni mkimbizi, ninaishi Nakivale. Je, nimo?

Mradi wa EASP umewajumuisha wakimbizi na wilaya zinazowapokea. Tumia kitambulisho cha mkimbizi ulichopewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, na uulize kampuni kama inauza ndani ya makazi kwa bei yenye ruzuku.

Nimeitwa na mtu anayesajili majina ya «sola za bure» kwa ada ya shilingi 20,000. Ni kweli?

Usilipe. Ruzuku tulizozieleza hupitia kampuni na taasisi za fedha zinazojulikana, na hazisajiliwi kwa kutuma pesa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Mpeleke kwa mwenyekiti wa LC1, na ukiona anakwepa, toa taarifa polisi.

Nikikosana na muuzaji au fundi, nianzie wapi?

Inategemea kosa. Kodi iliyotozwa isivyostahili ni suala la URA, nawe uende na kadirio la bei na risiti ya EFRIS. Paneli au betri isiyo ya kiwango ni suala la UNBS; piga picha lebo iliyo nyuma ya paneli, yenye wati na namba ya kifaa, kabla haijapandishwa juu ya paa, kwa sababu baadaye utahitaji ngazi ili kuisoma. Fundi aliyefunga vibaya ni suala la ERA, ambayo hutoa vibali vya mafundi umeme, na kibali hicho ungepaswa kukiona siku ya kwanza. Mkopo wa benki unapelekwa Benki Kuu ya Uganda, na wa mkopeshaji mdogo asiyechukua amana unapelekwa kwa mamlaka ya udhibiti wa taasisi ndogo za fedha, UMRA.

Masharti haya hubadilika lini?

Sheria za kodi hurekebishwa pamoja na bajeti inayosomwa mwezi Juni, na mabadiliko huanza kutumika tarehe 1 Julai. Kadirio la bei ulilopewa Mei liandikwe upya kama utalipa Julai.